Bustani ya mtaa: jinsi ya kukutana na majirani bila kusubiri msiba (mwongozo kamili)

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar, huku lami inapoishia na bodaboda zinapoanza, na kiukweli kwa miaka mingi tulikuwa tunajuana kwa misiba tu. Mtu akifiwa turubai linafungwa, wamama wanaingia jikoni, sisi wengine tunakaa kwenye viti vya kukodi na drafti, daftari la rambirambi linapita, siku ya tatu tunaanua matanga alafu kila mtu anarudi nyuma ya geti lake mpaka afe mwingine. Nlikuwa namjua marehemu mume wa jirani yangu vizuri kuliko jirani mwenyewe, maana wasifu wake nliusikia ukisomwa.

Utalii uliposimama 2020 kwa sababu ya corona, hoteli niliyokuwa nafanya ikatupunguza. Nikawa nashinda nyumbani, na ndo nikagundua sio mimi peke yangu, kumbe asubuhi saa nne mtaa umejaa watu wazima wamekaa barazani wanaangalia simu zisizo na bando. Bibi mmoja wa nyumba ya kona ndo aliyeanzisha, alikuja na rundo la marando ya matembele kichwani akauliza, "Nyie vijana, mna mikono au hamna?" Hapo kulikuwa na kiwanja kimejaa nyasi na mifuko ya plastiki, mwenyewe yuko mkoani. Tumelima pale misimu kadhaa, tumegombana, tumeibiana, tumecheka sana, na haya ninayoandika ndo mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Hatua ya kwanza: watu kwanza, ardhi baadae

Wengi wanaanza na kiwanja. Msianze na kiwanja. Tafuta watu watano au sita ambao wanaweza kuja saa ileile siku ileile kila wiki, basi. Sisi tulianza na watu 24 kwenye grupu la WhatsApp, meseji mia kwa siku, dua na emoji za jembe, siku ya kufyeka tukatokea 7. Na hao saba ndo walibaki mpaka mwisho. Kwahiyo usiwafukuze wale wa emoji, wataingia taratibu wakiona mchicha, ila usipange kazi kwa kuhesabu vichwa vyao.

Unawapataje? Sio kwa tangazo. Nenda nyumba kwa nyumba jioni, piga hodi, shikamoo kwa wakubwa, kaa kidogo, uliza habari za wagonjwa, alafu ndo useme la bustani. Ukianza na wamama wa mchezo wa kupeana hela umewini, maana wale tayari wana kijumbe (mshika hela) wanayemwamini, wana daftari, na wanajua nani anachelewesha hela mtaani (hii taarifa mtaihitaji, niamini). Mzee mmoja pia ni muhimu, mtu ambaye akisema watu wananyamaza. Wa kwetu alikuwa kijana enzi za Kilimo cha Kufa na Kupona, ile kampeni ya 1974 na 1975 baada ya ukame, na alikuwa anatuhadithia wakati wa kumwagilia jinsi hata maofisini watu walipelekwa shambani, na kila tukilalamika mgongo anasema, "Nyinyi mnalima kwa hiari alafu mnalia."

Chagueni saa. Sisi Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa kazi nzito, na Jumanne saa kumi na moja jioni kwa palizi. Saa ikishapangwa isibadilike hata mkiwa wawili. Hii naiona muhimu kuliko mbolea, kwa sababu mtu aliyeachishwa kazi kinachomuumiza mwanzo ni hela, baada ya mwezi kinachomuumiza ni kwamba hakuna mahali popote anaposubiriwa.

Hatua ya pili: kiwanja, na karatasi yake

Maeneo ya kukwepa kwanza. Hifadhi ya barabara, maana siku greda likija halisalimii. Kingo za mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au baharini, na hata ukiacha sheria, mabonde kama la Msimbazi yanapitisha maji machafu ya majumbani na viwandani, hutaki watoto wako wale hayo. Palipokuwa gereji napo hapana, oili na betri za gari zinaacha sumu ardhini ambayo huwezi kuiona. Palipokuwa dampo la mtaa mkishindwa pengine, limeni kwenye viroba kwa udongo wa kuleta, msipande ardhini.

Kiwanja kizuri ni cha mtu ambaye hajajenga. Mpigie simu, au bora zaidi mzee ndo ampigie. Hofu yake kubwa ni moja tu, kwamba mtapanda minazi na miembe alafu siku anataka kujenga mdai fidia. Kwahiyo mwambieni kabla hajauliza: hatupandi mti wa kudumu, tunapanda mboga za miezi miwili mitatu, na wewe unapata mlinzi wa bure, maana kiwanja kinacholimwa hakivamiwi wala hakigeuzwi jalala. Andikeni ukurasa mmoja: muda gani, atatoa notisi ya miezi mingapi (sisi mitatu), hakuna kodi, hakuna miti. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri, kila upande ubaki na nakala. Tulidharau hii mwanzoni, "ah huyu tunamjua", mpaka shemeji yake alipokuja na watu wa matofali tukiwa tumesia mbegu wiki hiyohiyo.

Hatua ya tatu: maji, hapa ndo bustani nyingi zinafia

Piga hesabu kabla ya jembe. Kwa joto la Dar wakati wa kiangazi mita moja ya mraba inataka kama lita 5 kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 ni lita 25, yaani dumu moja na kidogo. Mkiwa na matuta kumi ni madumu 12 au 13 kila siku, nani anayabeba? Mkijibu "tutajua hukohuko" mnapunguza matuta. Sisi tulianza na manne tu na hayo manne yalitutoa jasho.

Onjeni maji. Visima vingi huku Pwani vina chumvi. Ikiwa ni kiasi, spinachi inavumilia vizuri na mchicha nao unajitahidi, lakini maharage sahauni kabisa, majani yanaungua pembeni kama yamepigwa pasi. Maji ya kuoshea mchele na mboga mwagieni bila wasiwasi, ya sabuni ya unga hapana. Mwagilieni asubuhi mapema au jioni, chini kwenye shina, alafu funikeni udongo kwa nyasi kavu. Hizo nyasi ni kama kuwa na mtu wa ziada wa kubeba ndoo.

Ukiweza anza mwanzoni mwa vuli, Oktoba. Masika ya Machi mpaka Mei ina maji ya bure lakini inakuja kwa hasira, mbegu za mchicha zinasombwa zote mnazikuta kwa jirani wa bondeni.

Hatua ya nne: udongo wa kichanga mnaufanyaje

Mchanga wetu ukimwaga maji yanapotea kama mshahara. Dawa yake ni samadi na mboji, hamna ujanja mwingine. Ndoo moja kubwa ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba, changanyeni kina cha jembe. Ya ng'ombe ni nzuri na ina upole, ya kuku ina nguvu na inapatikana kirahisi kwa wafugaji wa mtaani, mara nyingi wanakupa bure ili mradi uibebe, ila mbichi inachoma miche, ilazeni mwezi mzima imefunikwa ndo muitumie.

Mboji ndo kazi ya kijamii kuliko zote, sikutegemea. Tuliweka ndoo ya maganda kwenye nyumba nane, mtoto mmoja anapita jioni kukusanya. Mnapanga tabaka: majani makavu, maganda na majani mabichi, samadi kidogo, majivu kiganja, udongo, mnarudia mpaka kiunoni, mnanyunyiza maji iwe kama sponji iliyokamuliwa. Chomekeni mti mrefu katikati, baada ya siku chache uchomoeni mguse, ukiwa wa moto inafanya kazi. Geuzeni kila wiki mbili. Miezi miwili mpaka mitatu inakuwa nyeusi na inanukia kama ardhi baada ya mvua. Nyama, mafuta na mifupa msiweke, panya watawashukuru. Sasa ile ndoo ilivyokuwa inapita ndo tukajua nyumba gani hakuna maganda siku tatu. Hakuna maganda maana yake hakuna kilichopikwa. Wamama waliliona kabla yetu, na hawakusema kitu kwenye grupu, walipeleka tu.

Hatua ya tano: mpande nini mwanzo

Nyanya, hapana! Najua kila mtu anataka nyanya, sisi tulianza nazo, na mdudu kantangaze akatufundisha adabu, mabaka kwenye majani, vitobo kwenye matunda, watu wakakata tamaa kabla ya kula hata moja. Mwanzo pandeni kitu ambacho kitaingia sufuriani ndani ya mwezi, ili yule jirani mwenye mashaka aone.

Mchicha ndo mwanzo. Wiki tatu mpaka nne unavuna. Mbegu ni ndogo kama vumbi, kijiko kimoja cha chai kinatosha tuta la mita 5, changanya na mchanga mkavu viganja viwili ndo usie kwenye mistari, bila hivyo zinaota rundo kona moja kama abiria wa mwendokasi. Mkipata mbegu za Madiira kwenye maduka ya pembejeo chukueni, ina majani mapana. Kila wiki sieni tuta moja jipya badala ya yote siku moja, la sivyo mtakula mchicha wiki nzima alafu mwezi hamna.

Matembele hayana gharama, unaomba marando. Kipande cha urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, theluthi mbili ardhini, wiki tano sita unaanza kuchuma ncha na yanaendelea kutoa. Chainizi inataka kitalu kwanza kama wiki tatu nne, alafu kuhamishwa kwa nafasi ya sentimita 30. Bamia loweka mbegu usiku mmoja, baada ya siku 50 mpaka 60 inazaa, na ukishaanza kuchuma pita kila baada ya siku mbili, ikikomaa ni kuni. Nyanya chungu inachelewa lakini ikianza haiachi. Kunde majani na mbegu vyote chakula. Nyanya mrudieni msimu wa tatu mkishazoea kukagua majani, Tengeru 97 ni aina inayojulikana siku nyingi.

Pembeni wekeni mchaichai. Sio mboga, najua, ila Jumamosi saa mbili asubuhi kazi ikiisha mtu anakata majani, mama muuza chapati analeta sufuria, mnakaa kwenye madumu mnakunywa chai. Ukiniuliza bustani yetu ilikuwa wapi hasa, ilikuwa kwenye hiyo sufuria.

Na watoto wapeni tuta lao la karanga. Ua linatoka juu, likishanyauka linashusha kikonyo kinaingia ardhini na karanga inajaa huko chini, kwahiyo hawaoni kitu miezi mitatu na zaidi, alafu siku ya kung'oa ni sikukuu. Vurugu zao zote zilihamia kwenye kulinda karanga.

Viroba, kwa wasio na kiwanja

Wenzetu wa Kibera, Nairobi, baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 walihangaika sana na chakula, na 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités likaanza kusaidia kaya kulima sukuma kwenye magunia milangoni. Nafasi ya gunia moja, mboga za familia. Sisi tuliichukua kwa ajili ya wapangaji ambao wana kibaraza tu. Kiroba cha salfeti cha kilo 50, kunja mdomo, weka kopo la rangi lisilo na kitako katikati ulijaze kokoto, zungusha udongo uliochanganywa na samadi pembeni yake, alafu vuta kopo juu ujaze tena, mpaka kiroba kijae na nguzo ya kokoto ibaki katikati. Maji unamwaga kwenye hizo kokoto, yanafika chini. Kiache siku mbili tatu kitulie, toboa matundu ubavuni kwa kupishana, chomeka miche ya chainizi au sukuma, juu panda mchicha. Usikiegemeze ukutani kwa mwenye nyumba bila kumwambia, unyevu unavimbisha plasta na utapewa notisi wewe na sukuma yako.

Wadudu na kuku

Mwarobaini: kilo moja ya majani mabichi, twanga, loweka kwenye lita 5 usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya kipande kidogo, nyunyiza jioni chini ya majani ambako vidukari wanajificha. Rudia kila wiki. Mkinyunyiza leo msichume kesho, ni chungu hiyo. Dawa za dukani sisi tuliachana nazo kwa sababu moja, tuta linachumwa na watu kumi, nani atahakikisha kila mmoja anajua siku ya kusubiri?

Kuku ni suala la kidiplomasia. Fensi tulifanya ya nyavu chakavu za uvuvi na miti ya mihogo, ambayo nayo ikatupa kisamvu. Lakini mwenye kuku alikuwa amenuna na kuku walikuwa wanaingia "kwa bahati mbaya" kila asubuhi. Bibi akaenda kwake, sio kugomba, akamwomba samadi. Akamwambia bila ya kuku wako mboga zetu njano. Kuanzia siku hiyo mwenye kuku ndo akawa mlinzi mkali, na kila Jumamosi anabeba magugu na mabaki ya mchicha kuwalisha.

Kugawana, kabla hamjagombana

Msikate tuta vipande vya "changu" na "chako" vyote. Wala msifanye vyote vya umoja, tulijaribu, wenye bidii wakachoka. Tulipofika ni hivi: kila kaya ina tuta moja la kwake, anapanda anachotaka, akiuza akila ni yeye. Alafu matuta mawili ni ya wote, yanalimwa Jumamosi. La kwanza linauzwa kwa ajili ya maji na mbegu. La pili tuliliita tuta la mlango, mboga zake haziuzwi, zinapelekwa mlangoni kwa mgonjwa, mama aliyejifungua, mfiwa, au kule ambako ndoo ya maganda imerudi tupu. Anayepeleka anabadilishwa kila wiki, na anapeleka kama jirani, "tumevuna nyingi nimekuletea", bila picha! Kuna mmoja alimpiga picha mama wa watu na fungu la mchicha akaweka status. Yule mama hakufungua mlango wiki mbili.

Hela fanyeni ziwe kidogo na zionekane. Sisi elfu tatu ya kuanzia kwa kaya, daftari kwa kijumbe, mapato na matumizi yanasomwa kwa sauti kwenye chai. Zikizidi laki nunueni kitu, keni, jembe, bomba la maji, msikae na hela.

Wizi utatokea. Sisi tuliamka chainizi nzima ya tuta moja imekatwa. Vijana wakataka kulala na mapanga, mzee akakataa, akasema pandeni matembele upande wa barabarani, wingi, yachumwe na anayepita. Tukapanda. Wizi haukuisha kabisa ila ulipungua, na wengine waliokuwa wanachuma usiku walianza kuchuma mchana, wakasalimia, wakabaki.

Siku mwenye kiwanja akirudi

Atarudi, ndo maana mliandika karatasi. Wetu alitoa notisi yake ya miezi mitatu kama tulivyokubaliana, akatukuta kwenye chai akanywa na yeye. Wiki za mwisho msisie tena, vuneni mpaka mwisho, mboji yote na udongo mweusi wa juu wa matuta pakieni kwenye viroba (mwombeni kwanza, udongo ni wake). Alituachia kipande kando ya ukuta, na kiwanja kingine tukapata mtaa wa pili kwa mtu aliyekuwa amesikia.

Marando ya matembele yakateni jioni ya siku ya mwisho, urefu uleule wa kiwiko, toeni majani ya chini, fungeni mafungu ya ishirini ishirini yalale kivulini chini ya gunia lenye unyevu, asubuhi kila kaya ichukue fungu lake na fungu moja la kumpelekea nyumba ambayo haikuwahi kuja.